Mota ya Dola Ishirini na Nne

Nianze na lawama. Mzee mmoja mstaafu, mwenye kofia ya vita vilivyopiganwa mimi sijazaliwa, aliipita ndege yangu. Angeipita mara moja ningesamehe. Aliipita, akageuka, akaipita tena kwa chini, kisha akaipita mara ya tatu huku anamsimulia mwenzake habari za goti lake linalomsumbua kila mvua ikikaribia. Hata kuangalia juu alikuwa anaangalia kwa hiari. Mimi nimeuma meno, kidole gumba kimesukuma mkono wa rimoti mpaka hakuna tena pa kusukuma, na ndege yangu inakwenda mwendo wa bibi harusi anaingizwa ukumbini.

Siku hiyo nilirudi nyumbani sina raha. Mke wangu akaniuliza kama kazini kuna tatizo. Nikamwambia kazini ni sawa, ni mzee fulani tu amenipita. Akadhani ni barabarani.

Ndege yenyewe si ya kupanda. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu kwetu Pangani mpaka leo hawajalikubali, na nitawafikia. Ni ndege ya kurusha kwa rimoti, mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 120, uzito wake kilo moja na kitu, na imeumbwa kwa ile sponji ngumu nyeupe ambayo televisheni mpya huja imekumbatiwa nayo ndani ya boksi. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, akaniuzia pamoja na feni na mbeleko ya mtoto. Feni iliharibika wiki ya kwanza.

Msiniulize mtu mzima na ndege wapi na wapi. Nakaa Dayton, jimbo la Ohio, na kukaa Dayton usijali ndege ni kama kukaa Pangani ukasema samaki wanakunukia vibaya. Hapa ndipo Orville na Wilbur Wright walipokuwa na karakana yao ya baiskeli. Kibao cha namba cha gari langu kimeandikwa kwamba urukaji ulizaliwa Ohio, ingawa watu wa North Carolina, ambako ndege yao iliondoka ardhini tarehe 17 Desemba 1903, nao wameandika ya kwao kwenye vibao vyao, na ugomvi huo wakiuleta kwa kadhi utachukua miaka. Jumba la makumbusho la jeshi la anga liko hapahapa, kiingilio bure. Mwenye watoto watatu na mshahara wa ghalani akisikia neno "bure" haulizi ni la nini. Tumekwenda pale mara nyingi kiasi kwamba mwanangu mdogo anazijua ndege za kivita kwa majina, na shangazi zake hawajui hata mmoja.

Basi nikajisajili, maana huku huwezi kurusha tu. Kitu chochote cha kuruka kinachozidi gramu 250 lazima mwenyewe asajiliwe serikalini, dola 5 kwa miaka mitatu, afanye na mtihani mtandaoni, kisha namba yake aiandike juu ya ndege kwa nje, ionekane. Ndege yangu ina uzito wa kuku wa kienyeji, na ina namba ya serikali. Baba yangu alikuwa na jahazi la kubeba magunia arobaini ya chokaa, na sijawahi kusikia limeandikwa popote.

Sasa hao watu wa Pangani. Kosa langu lilikuwa picha. Niliipiga ndege ikiwa angani, nyuma yake mawingu, nikaituma kwenye kundi la ukoo bila maelezo, nikaenda kazini zamu ya usiku. Ndege ikiwa angani haina kipimo. Hakuna mnazi pembeni, hakuna mtu, hakuna kitu cha kukuonyesha kama ni kubwa au ni ndogo. Nilipotoka alfajiri nikakuta ujumbe 114. Shangazi alikuwa ameshatoa ufunguzi: "Mashallah, mtoto wetu amenunua ndege." Binamu mmoja ameomba kazi ya ukondakta. Mjomba anauliza kama inaweza kutua uwanja wa Tanga au mpaka Dar es Salaam. Na michango! Harusi mbili, paa la madrasa, na mtu nisiyemfahamu kabisa anayesema tulinyonya ziwa moja. Niliandika kwamba ni ndege ya kuchezea. Shangazi akanijibu kwa sauti, taratibu, kama anayemliwaza mtu: "Mwanangu, usione haya. Mungu akikupa, sema amenipa."

Tuyaache hayo. Tatizo langu lilikuwa spidi, na dawa ya spidi, kila mtu ananiambia, ni mota. Ndege ina mota ndogo puani, ya umeme, inazungusha propela. (Kamusi inataka niseme rafadha. Nimewahi kulisema neno hilo mbele ya mabaharia wa Pangani wakaniuliza ni ugonjwa wa nini.) Ukitaka iende mbio, badilisha mota. Dola 24 tu. Nikamwambia mama watoto, "Dola 24 tu." Akachukua daftari lake la matumizi ya nyumba, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu: NDEGE. Chini yake: mota, 24. Nikamwuliza ukurasa mzima wa nini kwa kitu kimoja. Akasema karatasi si ghali.

Mota hizi zina namba inayoitwa KV. Usidhani ni kilovolti, mimi nilidhani nikaogopa. Maana yake ni hivi: ukiipa mota volti moja, na hujaifunga kitu chochote, itazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya kwangu ya zamani ilikuwa ya 950. Nikanunua ya 1,400. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu aliyefaulu mtihani: 1,400 ni karibu mara moja na nusu ya 950, kwa hiyo ndege itakwenda mara moja na nusu. Mzee wa goti atafute kofia nyingine ya kujifichia.

Ninaye swahiba wangu kutoka Uvira, tunafanya naye zamu moja ghalani. Kwao alikuwa fundi wa redio na majenereta, na hapa Marekani amepewa kazi ya kubandika lebo kwenye maboksi. Akiona waya macho yake yanarudi ujana. Alikuja Jumamosi na kifaa chake cha kulehemu, akaishika mota mpya, akaigeuza, akaizungusha kwa kidole.

"Kaka, iyi mota iko na nguvu mingi."

Nikafurahi. Kisha akauliza, "Lakini propela ni ileile?"

Nikamwambia ndiyo, propela ni nzima kabisa, ya nini kununua nyingine. Akanyamaza. Mkongo akinyamaza mbele ya mashine, ondoka. Mimi sikuondoka.

Tuliifunga ndege kwenye mguu wa meza ya jikoni kwa kitenge, ili tuijaribu kabla ya kuipeleka uwanjani. Wenye akili huitoa propela kwanza wanapojaribu mota ndani ya nyumba, maana propela ile haitofautishi hewa na vidole. Sisi tulitaka kuona upepo wake. Sasa, pua ilielekea mlangoni, na mkia ukaelekea kwenye meza ya pembeni, ambako mama watoto, kabla ya kwenda kazini, alikuwa amepima unga wa chapati ndani ya sinia, ameacha tayari, aje tu kukanda.

Propela ya ndege huvuta hewa mbele na kuitupa nyuma.

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba kwa sekunde kama nne hivi nilishuhudia theluji ndani ya nyumba mwezi wa Juni. Halafu ule mlio wa mota ukakatika ghafla, kikasikika kitu kama mtu anayekaanga dagaa mmoja peke yake, na moshi mweusi ukatoka tumboni mwa ndege. Kengele ya moshi ikaanza kulia darini. Kengele za huku zimeunganishwa; ikilia moja zinalia zote, chumbani, ukumbini, mpaka chini kwenye mashine ya kufulia. Watoto wakatoka nje mbio kama walivyofundishwa shule, wakasimama kwenye mti waliofundishwa kusimama. Jirani akachungulia, akaniona mlangoni, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, pembeni yangu mtu mwingine mweupe vilevile, tumeshika ndege inayotoa moshi. Akarudi ndani. Hajaniuliza mpaka leo, na huo ndio uungwana wa jirani.

Kilichoungua si mota. Ni kidhibiti cha spidi, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya betri na mota, kinachogawa umeme kulingana na unavyosukuma rimoti. Cha kwangu kilikuwa cha kubeba ampea 20. Swahiba akanieleza huku anajifuta unga kwenye kope. Propela ni kama pawa la kuchotea mchuzi: ukichota polepole husikii uzito, ukitaka kuchota haraka mkono unalalamika. Propela ileile ukiizungusha mbio mara mbili haidai nguvu mara mbili. Inadai mara nane. Mbili mara mbili mara mbili. Ukiizungusha mara moja na nusu, inadai zaidi ya mara tatu. Kumbe mota yangu ilikuwa inavuta umeme wa mahoteli kupitia waya wa banda la kuku.

"Mbona hukuniambia?"

"Kaka, ulikuwa na furaha mingi."

Basi daftari likaanza kujaa. Kidhibiti kipya cha ampea 60, dola 38. Kikaja na vichwa vya waya ambavyo havishikani na vya betri yangu, kwa sababu kila mtengenezaji duniani ameamua kuwa na kichwa chake, kimoja cha njano, kingine chekundu, kingine bluu, na kazi ya vyote ni kupitisha umeme uleule. Vichwa vipya, dola 9. Nikagundua kwamba betri yangu ya seli tatu, volti 11.1, haina pumzi ya kulisha kitu kile, na kwamba wenye kutaka spidi hutumia seli nne, volti 14.8. Betri, dola 46. Chaja yangu inachaji seli tatu mwisho. Chaja, dola 55. Propela sasa lazima iwe fupi ili isitulipue tena, na kwa kuwa nzuri ni ipi hakuna ajuaye mpaka ajaribu, nikanunua tatu, dola 12. Matundu ya skrubu ya mota mpya hayakai juu ya matundu ya zamani. Yamepishana milimita mbili, yaani mtu alikaa kiwandani akapima uchungu wangu kwa rula. Kibati cha kuunganishia na skrubu zake, dola 6.

Na chini kabisa, kwa maandishi ya kukandamiza: unga, dola 7.

Jumla 197. Mota ni ileile ya dola 24. Kwetu tunajua habari ya mtu aliyepewa kifungo cha dhahabu akashona kanzu ya kukifaa, akajenga nyumba ya kuvalia kanzu. Mimi ningefurahi kujenga nyumba.

Propela nayo ina namba mbili, na namba hizi ndizo zilizonikosesha usingizi. Ya zamani ilikuwa tisa kwa sita, kwa inchi. Tisa ni urefu wake kutoka ncha hadi ncha. Sita ndiyo yenye siri: ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu kama mbao na propela ni skrubu. Chukua mizunguko 8,000 kwa dakika, zidisha kwa inchi sita, geuza kuwa kilomita, unapata kilomita 73 kwa saa. Huo ndio mwisho wake hata ukiomba dua, maana propela haiwezi kuvuta ndege iende mbio kuliko yenyewe inavyochimba hewa. Nilipofika kwenye hesabu hiyo, saa nane za usiku, kidogo nimwonee huruma ndege wangu wa zamani. Siku zote alikuwa anafika mwisho wa uwezo wake, nami namtukana.

Swahiba akaleta mita ya wati. Mota ya zamani ilikula wati 180 hivi. Hii mpya, kwa seli nne na propela ya saba kwa sita, ikala 640. Mara tatu na nusu! Nikampa mkono. Nikamwuliza, kwa hiyo spidi ni mara tatu na nusu? Akacheka mpaka akakaa. Ile kanuni ya mara nane inakufuata mpaka angani: hewa unayoisukuma inakusukuma, na ukitaka ndege iende mara mbili lazima uipe nguvu mara nane. Ukiipa mara tatu na nusu inakushukuru kwa mara moja na nusu. Yaani nimerudi palepale kwenye hesabu yangu ya kwanza, ya mtu aliyefaulu mtihani, ila nimepitia njia ya dola 197.

Na si hivyo tu. Betri ya zamani ilikuwa inanipa dakika nane za kuruka nikikanyaga mafuta mpaka mwisho. (Haina mafuta, najua. Tuna maneno mangapi ya kukanyaga umeme?) Betri mpya, nikiifungulia yote, inaisha kabla ya dakika tatu. Nimelipa ili nicheze kidogo zaidi, na kidogo hapa ina maana ya kidogo.

Ikabaki mizani. Hapo ndipo mtoto wa nahodha alipoonyesha alikotoka. Mota mpya ni nzito, betri mpya ni nzito, na vyote vinakaa mbele. Ndege ya namna hii ukiiweka juu ya vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kama robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, inatakiwa itulie. Yangu iliinamisha pua kama mbuzi ameona majani. Nikamkumbuka marehemu baba anavyopanga magunia jahazini. Chombo kikilemewa omo kinakula maji, kikilemewa tezi kinainua pua na hakishiki njia. Alikuwa anasimama gatini, jicho moja amelifumba, anasema gunia lile, tezi, lile, rudisha. Hakuwahi kutumia kipimo wala vidole. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachonga sponji tumboni, nikaipeleka betri tezi; ikawa nyingi mno, nikairudisha omo; tezi, omo, mpaka ikatulia katikati kabisa, ngamani, kama walivyosema wahenga ambao nadhani nao walikuwa na betri. Mke wangu alikipata kisu jioni, kimejaa chembe za sponji. Hakuandika kitu. Alichora mstari tu daftarini, mrefu, akauacha wazi.

Jumapili moja ya Agosti, asubuhi, upepo umelala, tukaenda. Uwanja wenyewe ni majani yaliyofyekwa, na pande tatu umezungukwa na mahindi. Mama yangu ni wa Handeni. Anayeijua Handeni anajua kwamba nimekulia chini ya mahindi, nimepalilia mahindi, nimefukuza ngedere kwenye mahindi, na moja ya sababu za mimi kusoma ilikuwa kutoyaona tena mahindi kwa ukaribu ule. Nikavuka bahari nikaletwa Ohio. Mahindi mpaka macho yanapokomea, na mengi yake si hata ya kuchoma. Ni ya mifugo na ya kutengenezea pombe ya kuchanganya na petroli.

Mzee wa goti alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Nikamsalimia kwa heshima, moyoni nikisema leo utaona.

Nikaweka ndege majanini. Nikasukuma.

Haikuondoka kama inavyoondoka ndege. Ilitoweka pale ilipokuwa, ikatokea mahali pengine. Kilomita 107 kwa saa ukiisema hivi mtu wa basi la Tanga haoni ajabu, lakini ni mita 30 kila sekunde. Ukipepesa macho imeshapita uwanja wa mpira kwa upana. Nilisikia mtu amepiga ukelele wa furaha, ukawa wangu. Ikapita mbele yetu, mlio wake mwembamba kama nyigu kwenye chupa, na nikaona kwa pembe ya jicho mzee amenyanyuka kitini. Amenyanyuka! Goti na yote! Kama ingeanguka sekunde ile ningekufa nimeridhika.

Haikuanguka sekunde ile. Ilikwenda. Ikawa ndogo, ikawa nzi, na nzi akiwa mbali hivyo hujui anakuja au anakwenda. Nikageuza kushoto, nikadhani nimegeuza, nikaona kama inakuja, nikanyanyua pua, kumbe ilikuwa imelala ubavu. Ndipo tukausikia mlio mpya. Watoto wa kwetu hubana kipande cha boksi kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki. Mlio ule. Swahiba wangu akasema neno moja la Kifuliiru ambalo sikuhitaji tafsiri yake.

Baadaye nilielezwa. Bawa dogo la mkia huinuliwa na kushushwa na kijiwaya chembamba, na kijiwaya kile kilitengenezwa kwa ndege ya mwendo wa bibi harusi. Upepo ukizidi, bawa linaanza kucheza lenyewe, juu chini, juu chini, upesi kuliko jicho, na linajiongezea nguvu kwa kila mtikisiko mpaka kitu kimoja kikubali kushindwa. Kilichokubali ni mkia. Niliuona ukibaki nyuma, mweupe, unayumba polepole kama jani la mkungu, wakati ndege yenyewe imeendelea na safari zake kuelekea mahindini.

Swahiba alikuwa anapima muda. Sekunde 19. Orville Wright siku ile ya 1903 alikaa hewani sekunde 12, kwa hiyo nimemshinda, ila yeye alikuwa ndani.

Tukaingia mahindini. Mistari ya mahindi ya huku imepandwa kwa mashine, imenyooka kama sala, kati ya mstari na mstari sentimita 76, na ndani yake kila upande ni sawa na mwingine. Majani yanakata shingo. Joto halina pa kutokea. Tulitafuta saa mbili. Nilikuwa nasema peke yangu, na nilichokuwa nasema kilikuwa cha Kizigua, lugha ambayo sikuitumia tangu bibi alipofariki. Mahindi yameitoa yenyewe. Swahiba anaita kutoka mstari mwingine, "Kaka, uko wapi?" Naye ningemjibu nini? Niko kwenye mahindi.

Aliyeiona ni mzee. Alikuwa ameisimamia kwa macho mpaka ilipoingia, akaweka alama kwenye mti wa mbali, akatuelekeza kwa fimbo kutoka juu ya gari lake, kushoto, kushoto tena, mbele. Mabawa yalikuwa vipande vitano. Betri imevimba kama kitumbua. Kile kidhibiti kipya kimegawanyika. Tumbo nililolichonga kwa kisu lilipasuka palepale nilipochonga. Pua imejichimbia ardhini kiasi cha kiganja, na tulipoitoa, tukaisugua udongo, swahiba akaizungusha kwa kidole.

Mota ilizunguka. Laini, bila mkwaruzo, kana kwamba imetoka kwenye boksi.

Mzee akanialika niione ndege yake. Nikaenda kwa adabu. Mabawa yake ni membamba kama upanga wa samaki, mwili mwembamba, haina magurudumu yanayoning'inia, hairuki kwa majani bali anaitupa kwa mkono. Nikamwuliza mota yake ni ya wati ngapi. Akasema mia tatu na kitu. Nusu ya yangu! Akasema ndege kama yangu, yenye bawa nene na magurudumu, iliumbwa itembee polepole, na ukiipa nguvu inazitumia kupigana na hewa. Alisema kwa upole sana, na kwa upole ule nilimchukia upya. Halafu akanipa chupa ya maji baridi, ikabidi niache.

Nyumbani, mama watoto aliniona nimeingia na mfuko mweusi wa taka begani na majani ya mahindi kichwani. Hakuuliza. Alifungua daftari, akautazama ule mstari aliouacha wazi, kisha akanitazama mimi, akangojea nitaje kiasi. Nikaweka mota mezani. Nikasema, "Hii nzima." Mwanangu mkubwa, kwa kutokuwa na huruma, akawa ameshaipiga picha mifupa ya ndege ndani ya mfuko na kuituma kwenye kundi la ukoo. Picha ya karibu. Haina kipimo.

Zamu ilipoisha alfajiri nikakuta ujumbe 206. Binamu wa ukondakta amejitoa kwenye maombi ya kazi. Madrasa wameahirisha paa. Mjomba anauliza habari za bima. Na shangazi alikuwa amepiga mara kumi na moja, kwa hiyo nikampigia palepale kwenye maegesho, kwao ni mchana.

"Mwanangu," akasema, sauti imekauka. "Tumesikia. Tumekaa hapa tangu jana, tumesoma Yasini. Walikuwemo abiria wangapi?"

"Hakuna abiria, shangazi. Ni ndege ya kuchezea. Nilikwambia."

"Na rubani?"

"Rubani ni mimi, shangazi, nilikuwa nje. Kilichopona ni mota tu."

Nikasikia anawageukia wenzake, anawatangazia: hakuna aliyekufa, na mota imepona. Wakaitikia wote pamoja, alhamdulillah, na mtu mmoja akauliza kitu kwa nyuma. Shangazi akarudi kwenye simu.

"Mjomba wako anasema kama mota ipo, basi mbona hasara si kubwa. Si ununue ndege tu?"